Kabila na ugonjwa: kipi hupita kwenye damu, kipi hutoka mahali

Pwani yote ya Tanga, kuanzia Moa hadi Pangani, utasikia kwamba busha ni ugonjwa wa watu wa pwani na huletwa na madafu. Ukipanda Lushoto utaambiwa Wasambaa hawasumbuliwi na malaria. Ukirudi mjini, Ngamiani au Chumbageni, kisukari ni cha Wahindi, na selimundu ni ya ukoo fulani ambao watu huwazuia watoto wao wasioe huko. Semi hizi hazikuzuka hivi hivi. Watu waliona kitu cha kweli, kwamba ugonjwa huu umejaa kwa hawa na si kwa wale, kisha wakakipachika sababu iliyokuwa karibu nao, yaani kabila. Sababu ikikosewa, kinga nayo hukosewa, na mgonjwa anaumia.

Tuanze na busha, kwa sababu ndilo jepesi kulifafanua. Busha na matende huletwa na minyoo myembamba iitwayo Wuchereria bancrofti, nayo hubebwa na mbu. Minyoo iliyokomaa hujikunja katika mishipa ya maji ya mwili, hasa ya kinena na pumbu, ikaidhoofisha, na maji yakakosa njia ya kurudi. Dafu haliingii popote katika habari hii. Pwani ina joto, ina mbu wanaozaliana kwenye vyoo vya shimo na makaro ya maji machafu, na ina mbu wa malaria mashambani, ambao nao huibeba minyoo hii. Kuumwa mara moja hakutoshi: maambukizi huhitaji kuumwa na mbu wenye vimelea mara nyingi mno, kwa miezi na miaka. Ndiyo maana mgeni wa wiki mbili haondoki na busha, na mwenyeji wa miaka 30 analo. Mdigo aliyezaliwa na kukulia Lushoto hana sababu ya kulipata. Msambaa aliyeshuka ujanani kukata mkonge tambarare anayo.

Mkoa wa Tanga ulianza kupewa kingatiba ya ugonjwa huu mwaka 2004: ivermectin kwa kipimo cha urefu au uzito, pamoja na albendazole ya miligramu 400, mara moja kwa mwaka. Wengi waliacha baada ya mwaka wa kwanza kwa sababu hawakuona mabadiliko. Dawa hizi huua vitoto vya minyoo vinavyozunguka kwenye damu, na hivyo ndivyo mbu huvichukua kumpelekea jirani. Minyoo mikubwa huishi miaka kadhaa na huendelea kuzaa, hivyo zoezi lazima lirudiwe miaka mitano au zaidi, na nyumba inayoruka mzunguko hubaki ghala ambamo mbu huchota vitoto hivyo. Busha lililokwisha kuumbika halitapungua kwa vidonge. Hilo ni la upasuaji mdogo, na mwanamume aliyejificha nalo miaka 15 kwa aibu anaweza kurudi shambani baada ya wiki chache.

Habari ya Wasambaa na malaria nayo ni ya mahali. Milima ya Usambara imepimwa kwa makini: kutoka mwinuko wa mita 300 hadi mita 1,700, kasi ya maambukizi ya malaria hushuka zaidi ya mara 1,000. Mbu wa malaria hawashamiri kwenye baridi, na kimelea huchelewa kukomaa ndani ya mbu hata mbu akafa kabla hajaambukiza. Hakuna kilichomo katika damu ya mtu wa Lushoto kinachomlinda. Kinyume chake, anayo kinga ndogo kuliko mtu wa Muheza, kwa kuwa kinga ya malaria hujengwa kwa kuugua mara kwa mara utotoni. Akishuka Mkinga au Korogwe kwa biashara ya mboga, akilala bila chandarua kwa imani kwamba malaria si yake, anaweza kuugua vibaya akiwa mtu mzima, wakati mwenyeji wake anapata homa ya siku mbili tu.

Hapa ndipo damu inapoingia, na hapa inafaa kukaa kidogo.

Mahali ambapo malaria imeua watoto kwa maelfu ya miaka, kila badiliko la damu lililomsaidia mtoto avuke utotoni lilibaki na kuenea. Lililo maarufu ni la selimundu. Himoglobini ni protini inayobeba hewa safi ndani ya chembe nyekundu za damu. Katika mnyororo wake mmoja, kiungo cha sita kimebadilika, na hilo tu linatosha: chembe ikikosa hewa, himoglobini hujipanga kama vijiti, na chembe ya mviringo hugeuka kuwa kama mundu. Aliyerithi badiliko hili kwa mzazi mmoja huitwa mbebaji, na huandikwa AS. Haumwi, na ana kinga ya takriban asilimia 90 dhidi ya malaria kali. Aliyerithi kwa wazazi wote wawili ni SS, naye ndiye mgonjwa wa selimundu. Kinga hii ya wabebaji ilielezwa na mtafiti Anthony Allison mwaka 1954, kwa kazi aliyoifanya Afrika Mashariki.

Kwa hiyo ramani ya selimundu hufuata ramani ya malaria ya kale. Kaskazini mashariki mwa Tanzania wabebaji ni wengi vijiji vya chini na hupungua kadiri unavyopanda mlima. Duniani ni vivyo hivyo: selimundu ipo Ugiriki, ipo Sicilia, ipo mashariki mwa Saudi Arabia na Omani, ipo kwa jamii za asili za India ya kati, na ni adimu mno kwa Waxhosa wa Afrika Kusini, ambao ni weusi kama sisi. Anayeiita selimundu ugonjwa wa weusi amekosea mara mbili, kwa kuwaacha Waarabu na Wahindi nje na kwa kuwaingiza weusi wasiohusika. Jambo hili lina maana kubwa Tanga, mji wenye familia zilizotoka Omani, Yemeni na Gujarati. Mtoto wa familia hizo akija na maumivu ya mifupa na macho ya manjano, asipopimwa kwa sababu ya rangi yake, anaachwa na ugonjwa wake.

Na kabila lenyewe Tanga linapima nini? Tangu mkonge ulipoletwa mwaka 1893, mashamba ya Muheza, Korogwe na Pangani yaliajiri manamba kutoka Kigoma, Tabora, Songea na Msumbiji. Wengi hawakurudi. Waliwaoa wenyeji, wajukuu zao wakawa Wabondei, Wazigua na Wadigo kwa lugha, kwa jina na kwa mazishi. Mtu anayejiita Mbondei anaweza kuwa na bibi Muha na babu Mmakonde. Sensa yetu yenyewe haijauliza kabila tangu mwaka 1967, na kwa maoni yetu kwa upande wa tiba hakuna kilichopotea. Swali lenye faida kwenye kliniki ni jingine: wazee wako wanne, babu na bibi wa pande zote mbili, walizaliwa wapi, na je, kuna mtoto yeyote katika ukoo aliyefariki mdogo akiwa hana damu?

Hesabu ya urithi ni rahisi, na kila mwenye mpango wa kuoa anaweza kuifanya. AS akioana na AA, yaani asiye na badiliko hilo kabisa, hakuna mtoto atakayeugua, ingawa kila mimba ina nusu ya uwezekano wa kuwa mbebaji. AS kwa AS: kila mimba ina robo ya kuwa SS, nusu ya kuwa AS, robo ya kuwa AA. Sisitizo liko kwenye neno kila. Waliopata mtoto mmoja mgonjwa hawajamaliza zamu yao, na wanaodhani watatu wanaofuata lazima wawe wazima wanajidanganya.

Tuseme katika kijiji fulani wabebaji ni 15 kwa kila watu 100, kiwango cha kawaida kwa sehemu nyingi za Tanzania. Watu wakioana bila udugu, watoto wagonjwa watakuwa karibu 6 kwa kila 1,000. Wakioana mtoto wa ami na mtoto wa ami, ndoa ambayo pwani ina heshima yake na sababu zake, uwezekano hupanda hadi karibu 10 kwa kila 1,000, kwa kuwa babu yao ni mmoja na jeni moja inaweza kuwafikia wote wawili kwa njia mbili. Hiyo si sababu ya kuivunja posa, ni sababu ya kupima damu kabla ya kuandika mahari. Na ieleweke kwamba ndoa ya mbali nayo si dawa: Mdigo AS akimwoa Mnyamwezi AS, robo iko palepale. Makabila mawili tofauti, jeni moja. Ukoo uliotengwa kwa sababu una mtoto mmoja mgonjwa unabeba aibu ya kitu ambacho majirani wengi wanacho bila kujua.

Kupima nako kuna makosa yake. Kipimo cha zamani cha kuangalia chembe zikigeuka mundu chini ya darubini hujibu ndiyo kwa AS na SS sawasawa. Mama anaambiwa mtoto ana selimundu, kumbe ni mbebaji mzima wa afya, au mchumba anaambiwa ana ugonjwa asiokuwa nao. Mtoto mchanga naye anaweza kujibu hapana kwa kipimo hicho hata kama ni SS, kwa kuwa damu yake bado imejaa himoglobini ya utotoni, na dalili huanza kujitokeza karibu na miezi 6. Aliyeongezewa damu karibuni ataonyesha damu ya mchangiaji. Asubiri miezi 3 hivi. Omba kipimo kinachotenganisha aina za himoglobini, ama cha mashine ya maabara ama vile vya haraka vya tone moja vinavyojibu ndani ya robo saa, na jibu liandikwe kwa herufi: AA, AS au SS. Jibu la "chanya" peke yake halitoshi kufanyia uamuzi wowote.

Tanzania inakadiriwa kupata watoto takriban 11,000 wenye selimundu kila mwaka, na ni miongoni mwa nchi za mbele duniani. Dalili ya kwanza mara nyingi ni vidole vya mikono au miguu kuvimba na kuuma mtoto akiwa na miezi 6 hadi mwaka na nusu, na wengi huichukulia kuwa mtoto kaumwa na mdudu. Akithibitishwa, hupewa penisilini ya kunywa, miligramu 125 mara mbili kwa siku hadi miaka 3, kisha 250 mara mbili hadi miaka 5, kwa sababu bandama yake inakufa mapema na vimelea vya homa ya mapafu na uti wa mgongo vinamwingia bila kizuizi. Dawa ya haidroksiurea huamsha upya himoglobini ya utotoni na hupunguza maumivu na haja ya kuongezewa damu. Hutolewa kwa uzito na kwa kupima damu mara kwa mara. Vidonge vya madini chuma vinavyouzwa kama dawa ya kuongeza damu havimsaidii, maana damu yake inapungua kwa kuvunjika chembe, si kwa kukosa chuma. Tena aliyeongezewa damu mara nyingi tayari ana chuma kupita kiasi. Mama afundishwe kuigusa bandama upande wa kushoto chini ya mbavu. Ikivimba ghafla na mtoto akapauka, aende hospitali saa hiyohiyo, bila kusubiri asubuhi.

Kuna kosa moja linaloua kuliko yote haya. Watu husikia kwamba selimundu inakinga malaria, wakadhani inamkinga mgonjwa. Anayekingwa ni mbebaji. Mtoto wa SS akipata malaria, damu yake ambayo tayari ni kidogo hushuka kwa saa chache. Yeye ndiye wa kwanza kulala kwenye chandarua chenye dawa, na ndiye anayepaswa kupewa dawa ya kuzuia malaria.

Badiliko la pili lililoachwa na malaria ni upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, kinacholinda chembe nyekundu dhidi ya sumu za baadhi ya dawa. Jeni yake iko kwenye kromosomu ya X, hivyo mwanamume, mwenye X moja, huathirika zaidi. Aina iliyoenea Afrika huvunja chembe kuukuu tu, na damu huacha kushuka baada ya siku kadhaa. Aina iliyoenea kuanzia Mediterania hadi Omani na sehemu za India ni kali zaidi. Kwa mtu wa pwani anayejiita Mswahili, jina hilo haliwezi kukuambia ana aina gani.

Dawa ya malaria iliyochanganya chlorproguanil na dapsone iliondolewa sokoni mwaka 2008 kwa kuvunja damu za watu hawa. Primakwini, dawa nyingine ya malaria, ikiwa ya dozi moja ndogo, miligramu 0.25 kwa kila kilo, hutolewa bila kupima. Ile ya siku 14 lazima kipimo kitangulie. Nyumbani adui ni naftalini, vile vidonge vyeupe vinavyowekwa kabatini kuzuia nondo. Kanga na blanketi za uzazi zilizokaa na naftalini miezi mingi akifungiwa mtoto mchanga mwenye upungufu huu, anageuka manjano, na manjano ikizidi huingia ubongoni na kumwachia uziwi au ulemavu. Weka nguo za mtoto mbali kabisa na naftalini. Mtu mzima akianza dawa mpya na mkojo ukawa mweusi kama chai ya mkandaa, aache dawa hiyo na aende hospitali. Asipimwe G6PD wiki hiyo akaridhika na jibu zuri: chembe dhaifu zimekwisha kuvunjika, zilizobaki ni changa zenye kimeng'enya kingi, na kipimo kitadanganya. Kirudiwe baada ya miezi 3.

Kwa Wamasai wa Kilindi na Handeni badiliko lililobaki ni la maziwa badala ya malaria: wengi wao humeng'enya maziwa mabichi ukubwani bila tumbo kuvimba, kwa badiliko lililozuka Afrika Mashariki na ambalo si lile la Wazungu. Jirani yao Mzigua anayeharisha kwa maziwa hana ugonjwa. Mtindi utamfaa zaidi.

Sasa njoo kwenye shinikizo la damu na kisukari, ambako maneno ya kabila yanaharibu zaidi. Mwaka 1997 watafiti walilinganisha watu wenye asili moja ya Afrika Magharibi. Waliobaki Nigeria na Kameruni walikuwa na shinikizo asilimia 16, waliopelekwa Karibea 26, na walio Marekani 33. Kama ingekuwa ni damu peke yake, namba hizi zingekaribiana. Hapa kwetu, uchunguzi wa vijijini uliotolewa mwaka 1989 ulikuta kisukari kwa chini ya mtu 1 kwa kila 100. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta karibu 9 kwa kila 100 miongoni mwa watu wa miaka 25 hadi 64, na shinikizo la damu kwa karibu robo yao. Njia za kupima hazikuwa zilezile, lakini pengo la namna hiyo halielezwi na kipimo. Jeni hazibadiliki ndani ya miaka 23. Kilichobadilika ni mafuta ya kukaangia, soda, bodaboda badala ya miguu, na kazi ya kukaa.

Wahindi wa Tanga hawasingiziwi: watu wenye asili ya Asia Kusini kweli hupata kisukari wakiwa na uzito mdogo kuliko wengine, kwa sababu mafuta yao hujikusanya zaidi tumboni na kwenye ini. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2004 wao waanze kuangaliwa kwenye kipimo cha uzito kwa urefu (BMI) cha 23 badala ya 25. Kwa mtu wa sentimita 165 hiyo ni kilo 63 badala ya 68. Kiuno kipimwe pia: hatari huanza sentimita 90 kwa mwanamume na 80 kwa mwanamke. Hasara ya usemi wa "kisukari cha Wahindi" inamwangukia Mdigo mwenye kiu na mkojo wa mara kwa mara ambaye hakuna anayemfikiria, mpaka kidonda cha mguu kimekataa kupona. Na kwa sababu wabebaji wa selimundu na wenye upungufu wa G6PD ni wengi hapa, kipimo cha sukari ya wastani wa miezi 3 kinaweza kusoma chini kuliko ukweli. Kikipingana na dalili, pima sukari kabla ya kula asubuhi; milimoli 7.0 kwa lita au zaidi, mara mbili siku tofauti, ni kisukari.

Kwenye dawa za shinikizo, utafiti wa mwaka 2019 katika nchi sita za Afrika, zikiwemo Kenya na Uganda, ulionyesha kwamba mchanganyiko wenye amlodipini hushusha zaidi kuliko perindopril na dawa ya kuongeza mkojo. Huo ni wastani. Mgonjwa mwenye figo zinazovuja protini au moyo uliochoka anahitaji dawa za kundi la perindopril, na kumnyima kwa sababu "haziwafai weusi" ni kosa la kitaalamu. Hata kabla ya dawa, anapopimwa shinikizo akae dakika 5 kimya, mkono usawa wa moyo, kanda ya kipimo ilingane na mkono. Kanda ndogo kwenye mkono mnene husoma juu, na watu wengi hupewa dawa kwa ajili ya kanda.

Neno weusi ni pana mno hata kwenye figo. Mabadiliko ya jeni ya APOL1, yaliyogunduliwa mwaka 2010, huongeza sana hatari ya figo kufeli, na yamejaa Afrika Magharibi kuliko Afrika Mashariki. Kwa Waethiopia karibu hayapo. Pamoja na hayo, hesabu za Marekani za kukadiria nguvu ya figo ziliwazidishia weusi wote jibu kwa karibu asilimia 16 hadi 21, zikiwaonyesha wana figo nzima kuliko zilivyo. Kizidisho hicho kiliondolewa mwaka 2021. Cheti cha maabara chenye mistari miwili, mmoja ukitaja weusi, kinatoka kwenye programu ya zamani. Soma mstari ule mwingine.

Na oksimita, kile kibanio cha kidoleni kinachopima hewa kwenye damu, husoma kupitia ngozi. Uchunguzi wa Marekani wa mwaka 2020 ulikuta kwamba kati ya wagonjwa walioonyeshwa asilimia 92 hadi 96, upungufu mkubwa wa hewa ulikuwa umefichika kwa 11.7 kati ya 100 wa weusi, na 3.6 kati ya 100 wa weupe. Rangi ya kucha na hina huongeza kosa, basi bibi harusi mwenye homa ya mapafu apimwe kwenye ndewe ya sikio. Mtu anayehema mara 30 kwa dakika huku kifaa kinasema 93 anahitaji oksijeni sasa hivi.